Sungura wa Mtoto si wa Baba: Mafunzo ya Chama cha 4-K

Jina la vyama vya 4-K latokana na maneno manne: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivi vya vijana vilianzishwa nchini mwaka 1962, kabla ya Uhuru, kwa mfano wa vyama vya 4-H vya Marekani. Huko mbegu ilipandwa mwaka 1902 katika jimbo la Ohio, ambako A. B. Graham, msimamizi wa shule, aliwakusanya watoto na kuwafundisha ukulima kwa vitendo. Vyama vya Kenya vilififia baadaye, vikafufuliwa shuleni mwaka 2021.

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto hupelekwa shule kwa ajili ya kitabu, si jembe. Hawana kosa, kwani wengi wao walilijua jembe la shule kuwa ni adhabu. Lakini katika 4-K kazi ni somo, na daftari ni sehemu ya kazi.

Chukua mfano wa kijana aanzaye na sungura jike mmoja. Kwanza hujenga kibanda kilichoinuka juu ya ardhi, chenye hewa na kisichovuja. Majani yenye umande huyaanika yanyauke kidogo, yasimvimbishe mnyama tumbo. Siku ya kumpeleka kwa dume huiandika. Jike huzaa baada ya siku 31 hivi, basi siku chache kabla yake humwekea sanduku lenye nyasi kavu. Watoto hukaa na mama yao wiki 6 au zaidi. Gharama ya chakula, hesabu ya waliozaliwa, waliokufa na waliouzwa, yote huandikwa. Kijana huyo amejifunza hesabu asiyoweza kuisahau.

Mara nyingi kazi hii huharibika nyumbani, wala si shuleni. Sungura akiugua huitwa wa mtoto. Akinona huitwa wa baba. Mgeni aja, kisu chanolewa, na mtoto arudipo hukuta kibanda kitupu. Kesho yake hakati tena majani, na ni nani atakayemlaumu? Hasara hiyo yapita bei ya nyama, maana mtoto amefundishwa kwamba jasho lake halina mwenyewe.

Basi yafaa baba na mtoto wapatane mapema. Baba akimhitaji mnyama, na amnunue kwa bei ya soko. Kama hana fedha siku hiyo, deni liandikwe katika daftari na kulipwa.

Mzazi atakaye mwanawe ajiunge na amwone mwalimu wa chama shuleni, au bwana shamba wa mahali pake. Mtoto achague kazi iliyo kadiri ya nguvu zake, ikiwa ni kuku, sungura au kitalu cha mboga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mkulima mwaminifu huanza kwa kutendewa uaminifu.