Fahamu: Askari aliyelemaa vitani Ituri ana haki gani?

Tarehe 6 Mei 2021, jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Je, askari wa jeshi la taifa (FARDC) aliyekatwa mguu baada ya mapigano katika eneo la Djugu jimboni humo anabaki na nini?

Hadhi yake imo katika Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013. Tofautisha mambo mawili: pensheni hufuata miaka ya utumishi, malipo ya ulemavu hufuata jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi.

Kwa hiyo ushahidi ni muhimu. Tunza namba ya jeshi, cheti cha daktari na ripoti ya kamanda. Mke wake naye atunze cheti cha ndoa, ili aweze kuthibitisha kuwa ni mke halali.

Aliyelemaa akiitetea nchi hastahili kuombaomba mitaani Bunia, mji mkuu wa jimbo. Serikali imlipe kwa wakati.