Programu ya Windows ndani ya Linux

Kompyuta mbili zinaweza kuwa na prosesa ileile ya Intel, moja ikitumia Windows na nyingine Linux, lakini programu ya Windows ikakataa katakata kufunguka kwenye Linux. Wengi huilaumu mashine. Mashine haina kosa: maagizo ya kujumlisha, kulinganisha na kuhamisha data yaliyomo katika programu hiyo, prosesa inayajua yote. Kinachokwama hasa ni maombi. Programu haigusi diski wala skrini yenyewe. Huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo, na kila mfumo hutambua maombi yake tu. Kufungua faili kwenye Windows huombwa kwa jina la CreateFile. Linux haina ombi la jina hilo. Lake ni open.

Mwaka 1993 waandaaji programu wachache walianza kuyaandika upya maombi ya Windows, moja baada ya jingine, ili Linux iweze kuyajibu. Mradi wao ni Wine, na tangu 1994 unaongozwa na Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baadaye.

Muda huo wote ulikwenda wapi? Wachangiaji wa Wine hawaruhusiwi kuchungulia msimbo wa Microsoft, na maelezo rasmi hayasemi kila kitu. Hivyo huandika majaribio madogo, huyaendesha kwenye Windows halisi, hutazama jibu, kisha hutengeneza Wine ijibu vivyo hivyo. Hata kasoro za Windows hulazimika kuigwa, kwa kuwa zipo programu zilizokwisha kuzizoea. Jambo dogo kama jina la faili nalo ni kazi: kwa Windows, «Hesabu» na «hesabu» ni faili moja, kwa Linux ni mawili, na Wine inabidi ipekue folda nzima kutafuta lililokusudiwa. Uvumilivu wa namna hiyo, kwa kazi inayogawiwa bure, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Ipo njia nyingine, ya kusakinisha Windows nzima ndani ya kompyuta pepe. Hiyo huendesha karibu kila kitu, ila hudai leseni na kumbukumbu nyingi.

Wine ilipata nguvu mpya kupitia michezo. Agosti 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine pamoja na DXVK, programu inayogeuza maombi ya picha ya Direct3D kuwa ya Vulkan. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux, na maelfu ya michezo ya Windows ikachezeka humo bila watengenezaji wake kubadili chochote. Lakini Wine ina mpaka wake. Mchezo kama Valorant una mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayetaka kuingia kwenye kiini chenyewe cha Windows, na kiini hicho Wine haina. Viendeshi vya vifaa vingi hukwama hapohapo.

Suala la kuendesha programu za Windows kwenye Linux limekuwa la dharura kwa wanunuzi wa kompyuta zilizotumika, wakiwemo wa Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nzima, yenye nguvu ya kutosha, hukataliwa kwa sababu ya umri. Linux huipokea.

Ila mwenye duka anayetunza hesabu zake kwenye programu ya Windows asifute diski kwanza. Aanzishe Wine kwenye kompyuta nyingine, apeleke nakala ya data yake, kisha ajaribu yale anayoyafanya kila siku: kuingiza mauzo, kuchapa risiti, kutoa ripoti ya mwezi, kurejesha nakala rudufu. Programu kufunguka tu hakutoshi. Risiti isipochapika, biashara imesimama.