Je, Wajua? Mapambano Yanayojenga Ujirani

Kupigana bila kuumizana ni ufundi, na ufundi huo haukui kwa kikundi kimoja peke yake. Unahitaji mpinzani anayeheshimiwa, sheria zinazokubalika na jirani anayealikwa. Ushahidi upo kwetu na ng'ambo pia.

Je, wajua kwamba Makunduchi watu hupigana kwa migomba?
Katika sherehe za Mwaka Kogwa, kusini mwa Unguja, wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana kwa mapande ya migomba. Silaha ni laini makusudi, maana shabaha ni kutoa dukuduku la mwaka mzima. Pambano likimalizika, kinyongo nacho kimekwisha. Kisha huchomwa kibanda cha makuti, na wageni hukaribishwa chakula, kwani mila inataka kila mwenyeji awe na mgeni.

Je, wajua kwa nini siku ya Mwaka Kogwa husogea?
Hufuata Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 kamili, usioongezwa siku kila baada ya miaka minne. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai.

Je, wajua kwamba ngoma ya beni iliigiza jeshi?
Ilianzia miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Wachezaji walivaa sare, wakapiga gwaride na kupeana vyeo kama Kingi na Jenerali. Tanganyika ilikuwa na makundi mawili makubwa yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Kila mji uliopokea moja ulielekea kupata la pili, kwa sababu beni bila mpinzani haikunoga.

Je, wajua kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilisaidia kueneza beni?
Askari na wapagazi waliipeleka beni mbali na pwani. Vita hivyo vilifika mpaka kwenye uwanda wa juu wa Makonde: mwezi Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani yalipita maeneo ya Newala, na sehemu yake ikavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Lulindi, iliyo kati ya Masasi na Newala, ipo katika ukanda huohuo. Vita vilipokwisha, waliobaki hai walirudi makwao na gwaride likageuka ngoma.

Je, wajua kwamba matawi ya beni yalikuwa vyama vya kusaidiana?
Mwanachama aliyesafiri aliweza kupokewa na wenzake wa mji mwingine, na matawi yaliandikiana barua. Waingereza waliutazama mtandao huo kwa wasiwasi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mtindo huo ulizaa mganda na malipenga, ngoma za gwaride zinazoshindanisha vijiji.

Je, wajua kwamba Wamakonde nao hukuza sanaa kwa kushindana?
Upande wa Msumbiji, ushindani kati ya vikundi vya mapiko, ngoma ya vinyago, umekuwa chemchemi ya mitindo mipya kwa vizazi kadhaa. Kikundi hubuni kinyago au mdundo mpya kwa sababu jirani naye anabuni.

Je, wajua kwamba panga za sponji zina umri wa karibu nusu karne?
Ng'ambo, mchezo wa mapambano uitwao Dagorhir ulianza Marekani mwaka 1977, na mwingine, Amtgard, ukaanzishwa El Paso, Texas, mwaka 1983. Upanga ni fimbo iliyozungushiwa sponji nene na kuvikwa kitambaa. Aliyepigwa mkono hautumii tena mkono huo. Aliyepigwa mguu hupiga goti. Upanga hauruhusiwi kulenga kichwa.

Je, wajua nani huamua kwamba umepigwa?
Wewe mwenyewe. Aliyepigwa na silaha ndiye anayekiri, na mchezo wote umesimama juu ya uaminifu huo. Ndiyo maana makundi ya mikoa mbalimbali huweza kukutana uwanja mmoja: mkutano mkubwa wa Dagorhir uitwao Ragnarok umekuwa ukifanyika tangu 1986. Hata Belegarth, iliyojitenga na Dagorhir mwaka 2001, ilibaki na sheria zinazofanana sana nazo.

Vijana wa Lulindi, Masasi na Newala, mnayo mengi ya kuanzia: ngoma, ufundi wa kuchonga, na vijiji vilivyo jirani. Mkitaka kuanzisha mchezo wa mapambano, andikeni kwanza sheria za usalama, msomeane, kisha waalikeni wa kijiji cha pili kabla hamjatafuta ubingwa. Mpinzani mkimtendea kama mgeni, mwaka ujao atarudi na wenzake.