Pengo Moja, Hatima Mbili: Kenya na Chaguzi za Ushindi Mwembamba

Katika uchaguzi wa urais wa Kenya wa Desemba 2007, Mwai Kibaki alitangazwa kumshinda Raila Odinga kwa tofauti ya kura 231,728. Agosti 2022, William Ruto alimshinda Odinga huyo huyo kwa kura 233,211. Mapengo hayo yanakaribia kulingana, ila yaliyofuata yalitofautiana kama mbingu na ardhi. Mara ya kwanza watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mara ya pili mzozo ulimalizikia mahakamani. Wembamba wa ushindi, basi, hauelezi peke yake ni lini taifa lililogawanyika litawaka moto. Mengi hutegemea namna kura zinavyohesabiwa, mahali pa kupeleka malalamiko, na ukubwa wa kile anachokosa aliyeshindwa.

Mwaka 2007 mambo hayo yote matatu yalikuwa na kasoro. Matokeo yalijumlishwa katika maeneo bunge kisha yakapelekwa Nairobi, ambako mawakala wa vyama walidai kwamba takwimu zilizosomwa hazikulingana na zile za mashinani. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alilalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi hawakupatikana hata kwa simu. Kibaki aliapishwa Ikulu jioni ile ile ya kutangazwa. Upinzani ulikataa kwenda kortini kwa kuwa haukuwa na imani na majaji. Nayo Katiba ya wakati huo ilikuwa imelimbikiza mamlaka na rasilimali mikononi mwa rais, hivyo jamii iliyokosa Ikulu ilijihesabu kuwa imekosa barabara, kazi na mashamba kwa miaka mitano. Baadaye tume iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilieleza kuwa hesabu ilikuwa imevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kubaini nani hasa alishinda. Vurugu zilitulizwa na mkataba wa Februari 28, 2008, uliopatikana kwa upatanishi wa Kofi Annan, ambao ulimpa Odinga uwaziri mkuu.

Katiba ya 2010 ililenga kuziba nyufa hizo. Mshindi sasa anatakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kaunti zenyewe zilipewa magavana, mabunge na fungu la mapato ya taifa, ili ngome ya aliyeshindwa isibaki mikono mitupu. Asiyeridhika ana siku saba za kuwasilisha kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuiamua. Kwamba mlango huo uko wazi kweli kulithibitika Septemba 1, 2017, mahakama hiyo ilipofuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani. Hata hivyo Odinga alisusia uchaguzi wa marudio, na joto la kisiasa lilishuka tu yeye na Kenyatta walipopeana mkono Machi 2018.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa kwenye kituo cha kupigia kura. Mwaka 2022, katika kila kimoja cha vituo zaidi ya 46,000, karatasi ziliinuliwa moja moja mbele ya mawakala, jumla ikaandikwa kwenye Fomu 34A, nakala ikabandikwa mlangoni, na picha yake ikatumwa Nairobi. Tume iliweka picha hizo kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu na kikokotoo aliweza kujumlisha mwenyewe.

Uwazi huo ndio uliobeba uzito makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo Agosti 15. Walisema asilimia za wagombea wote zilifika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ya ziada ilikuwa sawa na kura kama 142,000. Kwa kweli asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni takriban 1,400, na ziada yenyewe ilitokana na kukaribisha desimali. Septemba 5 majaji wote saba waliidhinisha ushindi wa Ruto, baada ya kuagiza mitambo ya tume ikaguliwe na masanduku ya baadhi ya vituo yahesabiwe upya. Odinga alisema hakubaliani na uamuzi huo, lakini anauheshimu.

Sura ya mgawanyiko nayo ilikuwa imebadilika. Mlima Kenya na Bonde la Ufa, maeneo ambayo wakazi wake walikabiliana mwaka 2008, yalimpigia Ruto kwa wingi. Fauka ya hayo, kati ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, karibu milioni nane hawakujitokeza, idadi inayozidi pengo la wagombea wawili kwa zaidi ya mara 30.

Hukumu ya korti huamua nani ataapishwa, lakini haiwafanyi walioshindwa waridhike. Ruto alivuka nusu ya kura kwa takriban 70,000 tu, ilhali serikali aliyopata ilikuwa nzima. Mwaka 2023 upinzani uliingia barabarani kudai maisha nafuu na ukaguzi wa mitambo ya uchaguzi, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya mswada wa fedha, wandani wa Odinga waliingia katika baraza la mawaziri. Kwa mara nyingine, kambi iliyokosa ushindi ilipata nafasi serikalini kwa mapatano ya viongozi.

Tume ya uchaguzi yenyewe ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025. Hilo ni pengo la kuangaliwa kuliko lile la kura, kwani imani ya kumfanya aliyeshindwa kwa kura chache akubali matokeo hujengwa miaka kabla ya siku ya kuhesabu, na uchaguzi unaofuata ni wa Agosti 2027.