Mgonjwa wa Akili si Mhalifu

Watu wengi hudhani kuwa mtu akipandwa na wazimu, dawa yake ni kamba na fimbo. Likizo iliyopita, katika stendi ya Same, kijana mmoja alikuwa akipiga kelele na kuwarushia watu viatu. Umati ulimzunguka, mimi nami niliokota jiwe. Mara askari polisi akatutawanya, akaketi chini karibu naye, akamwuliza taratibu jina lake na kwao. Kijana akatulia, wakaenda hospitali. Nililiangusha jiwe langu kwa haya.

Mgonjwa wa namna hiyo huwa na hofu kuliko sisi, na kelele humzidishia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 humruhusu askari kumchukua mgonjwa aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine ili atibiwe, si aadhibiwe. Hospitali za wagonjwa hao zipo tangu zamani: Lutindi, wilayani Korogwe, na Mirembe, mjini Dodoma.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona mgonjwa kama huyo, mjini au milimani kwetu Upare, wazuie watu wasimpige, waite jamaa zake, kisha umpashe habari mtendaji wa kijiji au polisi.