Samaki Ndani, Baridi Nje

Asubuhi moja ya Julai, saa 12, nilichovya kipimajoto kwenye pipa la samaki lililo nyuma ya mlango wa jiko langu hapa Tukuyu. Nyuzi 17. Perege kumi walikuwa wametulia chini kama mawe, na punje za chakula cha jana jioni bado zinaelea. Jirani yangu, mzee aliyekuja kuomba saladi, akachungulia, akaniuliza: "Mwalimu, samaki wako wamefunga?"

Perege hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua sana na ukuaji husimama. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kwa yeyote anayetaka kufuga samaki na mboga pamoja katika mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mfumo wenyewe unaitwa akwaponiki, na husifiwa kwa kuokoa maji. Sifa hiyo haina uzito hapa, maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mwenye shamba na kijito pembeni namshauri achimbe bwawa. Lakini anayeishi mjini kwenye kiwanja cha hatua ishirini, au aliyechoka kulisha fisi maji na mdiria, pipa la ndani linamfaa. Asitarajie biashara. Samaki kumi ni kitoweo cha siku chache. Faida ya kila wiki ni mboga.

Unafuga viumbe vya aina tatu, na cha tatu hukioni. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, wa kundi jingine huifanya nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha mboga. Bakteria hao wanataka pa kushika, na hapo wilaya yetu ya Rungwe imebarikiwa. Mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe, miaka 4,000 hivi iliyopita, uliacha tabaka nene za yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo watu husugulia visigino. Kila kitundu ni nyumba ya bakteria. Chagua ya ukubwa wa harage hadi karanga yenye ganda, yaoshe mpaka maji yasiwe ya kijivu, kisha yaloweke siku kadhaa. Yanayoendelea kuelea yatoe, la sivyo yatatangatanga kwenye beseni la mboga na kung'oa miche.

Pipa la plastiki la lita 200 latosha, mradi halikuwahi kubeba dawa wala mafuta. Liweke sakafuni, maji hayo peke yake ni kilo 200. Beseni la mawe liwe na kina cha sentimita 30, likae dirishani kwa ajili ya mwanga, na pampu ndogo ipandishe maji yote ya pipa walau mara moja kwa saa. Pipa lenyewe lifunike. Mwanga ukiingia, maji hugeuka kijani kwa mwani. Wengine huniuliza kuhusu hita ya umeme. Ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana hula karibu uniti mbili na nusu za LUKU kila siku, kwa samaki kumi! Zungushia pipa godoro kuukuu, lisogeze kwenye ukuta wa jiko, na msimu wa baridi punguza chakula. Panda mboga zinazopenda ubaridi: saladi, figiri, chainizi, sukuma wiki.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Halafu subiri. Weka chembe za chakula cha samaki zioze, ukisubiri amonia na nitriti zipande kisha zishuke. Kwenye joto huchukua wiki nne hadi sita. Baridi ikishika, tenga miezi miwili. Ndoo ya mawe kutoka kwa mwenzio ambaye mfumo wake umekomaa hufupisha safari. Vipimo vya maji vinavyouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo si anasa. Bila hivyo unabahatisha.

Mimi nilibahatisha mwaka wangu wa kwanza. Kazi ya bakteria huzalisha tindikali, na maji laini, hasa ya mvua ya bati, hayana cha kuizuia. pH ilishuka mpaka 5.8, bakteria wakazubaa, amonia ikalundikana. Samaki hawakuonyesha shida, kwa sababu kwenye maji yenye tindikali amonia hukaa katika umbo lisilo na sumu kali. Nikakumbuka majivu ya jikoni. Nikamwaga vikombe viwili jioni, nikaenda kulala. Asubuhi pH ilikuwa imevuka 8.5, sehemu ya ile amonia imegeuka sumu kali, na samaki tisa wanaelea, matamvua mekundu kama yameungua. Wa kumi alikuwa anapumulia juu ya maji.

Siku hizi naning'iniza soksi yenye maganda ya konokono yaliyopondwa, yale ya kuku wa mayai yanayouzwa maduka ya vyakula vya mifugo. Huyeyuka taratibu kadiri tindikali inavyozidi. pH ya 6.5 hadi 7 inawafaa wote watatu. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse kabisa.

Ukikuta samaki wanahema juu, acha kulisha, badilisha theluthi ya maji kwa maji ya joto lile lile, ndipo utafute chanzo. Umeme ukikatika, teka maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu. Maji baridi hushika oksijeni zaidi, kwa hiyo una muda zaidi kuliko mtu wa Kyela kwenye joto. Nitriti ikipanda, chumvi ya gramu 1 kwa lita huwakinga samaki. Harufu ya yai viza kwenye mawe ni dalili kwamba uchafu umeziba na hewa haipiti: yafukue, uyasuuze kwa maji ya pipa.

Majani nayo husema. Ya chini yakiwa manjano, nitrojeni haitoshi. Machanga yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, mmea unakosa chuma. Na nusu mita ya mraba ya mboga za majani hutosheka na gramu 20 hivi za chakula cha samaki kwa siku. Zaidi ya hapo unaozesha maji.

Neno moja kuhusu vifaranga vya samaki. Ziwa Kyungululu, hapa hapa Rungwe, lina perege wake asiyepatikana pengine popote duniani, na yuko hatarini kutoweka. Ziwani Masoko wanasayansi walionyesha mwaka 2015 kwamba samaki wadogo wa aina moja wanaanza kugawanyika kuwa mbili. Perege wa kununua akiingia kwenye maji hayo anaweza kuzaliana na wenyeji au kuwapokonya chakula. Siku ukichoka na pipa lako, wakaange samaki wako. Usiwamwage ziwani wala mtoni.