Mstari wa Mwani Katika Michoro ya Canaletto

Walimu wanaofundisha tabianchi kwa michoro wengi hukimbilia picha ya Pieter Bruegel ya mwaka 1565, ile ya wawindaji wanaorudi kijijini juu ya theluji. Ni picha nzuri, na ni kweli kwamba zama zile baridi ya Ulaya ilikuwa kali kuliko ya leo. Lakini nyuma ya kijiji kimesimama kilele cha majabali, ilhali nchi ya Bruegel ni tambarare. Milima aliiona alipokwenda Italia, akaipachika. Mwanafunzi atapima nini hapo?

Mimi ningeanza na Canaletto wa Venice, aliyeishi kati ya 1697 na 1768. Huyu alitumia sanduku la giza lenye lenzi, linaloangusha taswira ya mtaa juu ya karatasi, naye akaifuatisha kwa penseli. Ndiyo maana madirisha na milango aliyoichora inalingana na majumba ambayo bado yapo. Chini ya kuta, zinapokutana na mfereji, alitia ukanda wa kahawia na kijani. Ni mwani huo.

Mwani huota ukutani hadi pale maji yanapofika kila yanapojaa. Juu zaidi hukaushwa na jua. Mtoto wa Mombasa au Unguja anaufahamu mstari huo kwenye nguzo za gati. Mtafiti wa Italia, Dario Camuffo, na mwenzake waliulinganisha mstari wa Canaletto na wa leo kwenye majengo yaleyale, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba umepanda kama sentimita 60. Vipimo vya kudumu vya kina cha bahari mjini humo vilianza 1872, kwa hiyo picha hizi zinaturudisha nyuma zaidi ya karne moja.

Darasani yatosha nakala ya mchoro, picha ya kamera ya jengo lilelile, na rula. Ukijua kimo halisi cha mlango, kilichobaki ni hesabu ya uwiano. Wape muda wabishane mwani unaishia wapi hasa. Ubishi huo ndio somo lenyewe.

Kisha uliza: bahari imepanda, au mji umezama? Yote mawili. Trieste, bandari ya jirani, haididimii kama Venice. Ukitoa kupanda kwa maji kulikopimwa Trieste, kinachosalia ni kuzama kwa ardhi, ambako kulizidi katikati ya karne ya 20 viwanda vya Marghera, kando ya Venice, vilipovuta maji ya visima.